Raketi ya carbon imenifanya nimshinde baba mukwe, na mpaka leo sielewi ni nini kilichomshinda

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi, huku baridi ya mwezi wa saba inatutoa machozi asubuhi na vumbi linamalizia kazi.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Leo naandika kwa sababu kuna jambo limenikaa kichwani, na kila nikiligeuza naliona upande mwingine. Anayetafuta chai atapata nyuzi zingine humu. Hii imenipata mimi mwenyewe, na wanaohusika wako nyumbani kwangu wanakula muda huu ninapoandika.

Kiswahili changu ni cha L'shi. Nimejaribu kukinyoosha, mutanivumilia.

Swali langu la kwanza lilikuwa dogo tu: hizi raketi mpya za tenisi, za carbon na sijui nini ndani ya fremu, zinaongeza mchezo kweli au ni maneno ya wauzaji?

Nilidhani ni swali la michezo. Mods mtaamua uzi ukae jukwaa gani mukimaliza kusoma.

Bon. Nianze na bantu wenyewe.

Ninayecheza naye tenisi ni baba mukwe wangu, Papa Donatien. Alikuwa dereva wa treni, na baba yake pia alikuwa wa reli, alishuka kutoka Kongolo na kazi hiyohiyo. Ni muntu wa misa ya kwanza, muntu ambaye hata kaptula ya kwenda uwanjani inapigwa pasi. Mama mukwe alishafariki. Watoto wake wametawanyika, aliyebaki mjini ni mke wangu Clarisse. Kwa hiyo huyu mzee ni wetu.

Kazi yangu ni ya transit. Nafuatilia mizigo ya watu mpakani Mokambo, na siku nyingi za wiki asubuhi siko nyumbani. Anayepeleka watoto wetu wawili shuleni ni Papa Donatien, na gari yake ndogo ya usukani wa kulia. Hakuna anayeugusa usukani ule. Muntu ameendesha treni mpaka Kamina, wewe umwambie nini kuhusu gari?

Na kila samedi, Jumamosi, asubuhi tunacheza. Club yetu ni ya zamani, viwanja viwili vya udongo wa kichuguu, mwekundu, umesagwa na kushindiliwa. Mpira ukichezewa pale wiki moja unageuka rangi ya kiwanja chenyewe. Kumbukeni hilo la rangi.

Sasa kwa wasiojua mambo ya kwetu. Mukwe ni muntu wa heshima, na Papa Donatien ni wa zamani hasa. Humshiki mkono ovyo. Humwangalii machoni mukiongea. Humuulizi habari za mwili wake, anaumwa wapi, amelalaje. Ukiwa na neno zito unalipitishia kwa mke wako. Ndiyo maana siye tukimaliza mchezo hatupeani mikono kwenye neti kama wengine. Tunagusanisha raketi, basi.

Kuna watakaosema hayo yamepitwa na wakati. Sawa, lakini nilioa kwake, sikuoa kwenu.

Na niseme kweli, ile tenisi ndiyo mahali pekee ninapoweza kukaa na yule mzee muda mrefu bila kutafuta maneno. Naipenda kwa sababu hiyo kuliko mchezo wenyewe.

Raketi yangu ilikuwa ya aluminium, ya zamani, fremu imelegea kidogo. Ukipiga mpira inalia tiiing kama mfuniko wa sufuria. Club nzima ilikuwa inanicheka. Kuna jamaa mmoja pale, Fabien, mwenye jibu kwa kila jambo, alikuwa anasema akisikia sufuria anajua nimefika, hana haja ya kugeuka.

Na raketi hiyo sikuwahi kumshinda Papa Donatien. Miaka yote tangu nimwoe binti yake. Nikipiga kwa nguvu, amesimama pale mpira unapokuja. Nikipiga polepole, ameshaanza kutembea mbele. Nilikuwa najiambia huyu mzee anasoma akili yangu.

Basi mwaka huu mdogo wangu aliyeko Afrika Kusini akanitumia raketi mpya. Nyeusi tii, nyepesi, ya carbon. Maelezo yake yalisema imetengenezwa ili imeze mtetemo, mkono usichoke, nguvu iende yote kwenye mpira.

Nikaenda nayo samedi. Nikapiga mpira wa kwanza, nikasikia pup. Hivyo tu, pup, kama umepiga mto wa kulalia. Hakuna tiiing.

Nikamshinda.

Wakuu, sikumshinda kwa shida. Nilimshinda vibaya. Mzee alikuwa anachelewa kila mpira. Mwingine unampita ndiyo anainua mkono. Nilipata seti mbili nikabaki nimesimama pale katikati sijui nifurahi au niombe msamaha.

Tukaenda kwenye neti kugusanisha raketi. Ya kwake ikapita pembeni ya yangu, haikugusa. Nikajua amekasirika. Nikaangalia chini kwa haya.

Fabien akaja na mahubiri yake, kwamba teknolojia ni teknolojia, muntu akija na carbon wewe una vyuma vya zamani, utalia. Nikakubali. Mbona matokeo ameyaona kila mtu.

Samedi iliyofuata nikashinda tena, na iliyofuata tena.

Hapo furaha ikaanza kuchacha. Clarisse akaniuliza siku moja jikoni, bila hasira, "Umefanya nini papa yangu?" Nikamuuliza kwani amesema nini. Akasema hajasema kitu, ndiyo shida. Anakuja kula dimanche, Jumapili, anakula kidogo, anasema pengine ataacha tenisi, magoti yamechoka.

Sasa mimi nimemwona uwanjani. Magoti yale ni mazima kuliko yangu.

Hapo ndipo nikachanganyikiwa mara ya kwanza. Kama ni raketi tu inanishindia, basi si haki, naiweka kando na maisha yanaendelea. Lakini kama si raketi, basi mzee anaisha mbele ya macho yetu, na akiacha ile samedi atakaa kwenye kiti sebuleni kwake akiangalia ukuta. Nimeona wazee wa reli waliokaa kwenye viti hivyo. Hawakai muda mrefu.

Nilitaka kujua ni ipi kati ya hizo mbili. Nikafikiri nina akili: tubadilishane. Yeye acheze na carbon, mimi nirudi kwenye sufuria yangu. Tutaona.

Wakuu, nilikosea, na ni kosa ambalo muntu wa kwetu hatakiwi kulifanya hata akiwa amelala.

Samedi nikamwendea, nikainamisha kichwa, nikampa raketi ile kwa mikono miwili, kama unavyompa mukwe kitu chochote. Nikasema, Papa, ijaribuni hii.

Akaipokea kwa mikono miwili. Akanibariki. Akataja jina la baba yangu, akataja watoto wangu, akasema Mungu aongeze pale nilipopunguza.

Nikaelewa kwamba raketi imekwenda. Kwetu ulichompa mukwe kwa mikono miwili hukirudii, hata ungesema kimoyomoyo ni cha kujaribu. Jioni shangazi wa Clarisse anapiga simu kutoka Likasi kushukuru kwa zawadi. Clarisse ananiangalia kwa macho ya mapenzi ambayo sijayaona tangu harusi. Ningesema nini? Nikasema karibuni.

Lakini turudi uwanjani siku ile. Yeye na carbon, mimi na tiiing yangu.

Akanishinda kama zamani. Tena anatabasamu. Mpira nikiupiga tu, yuko pale.

Fabien akazunguka club yote, kwamba mumeona, carbon ikiwa kwa mkwe mdogo anashinda, ikiwa kwa mkwe mkubwa anashinda. Nikasema kweli, jambo limeisha, ni raketi. Nimepoteza raketi nzuri nyeusi lakini mzee amerudi. Nikalala vizuri.

Ila zawadi ya mukwe ina kurudi kwake. Katikati ya wiki Clarisse akaniletea kitu kimefungwa kitambaa: raketi ya zamani ya baba yake, ya graphite ya kwanza kwanza, nzito kama nyundo, ile aliyokuwa ananichapa nayo miaka yote. Amenipa. Na zawadi ya mukwe huiachi nyumbani, lazima akuone nayo.

Samedi nikaenda na nyundo ile. Mkono uliniuma kabla ya mchezo kuanza.

Nikamshinda.

Someni tena polepole. Mimi na nyundo yake ya zamani, yeye na carbon mpya, nikamshinda. Vilevile kama mwanzo, anachelewa, mpira unampita. Hata Fabien aliyaacha mahubiri yake, akaenda kununua Fanta.

Najua kuna wataalamu humu watakaoniambia mambo ya nyuzi, sijui zimekazwa kiasi gani, sijui uzito wa kichwa cha raketi. Nimesoma yote hayo kwenye simu nikiwa foleni Mokambo. Hakuna linaloeleza hii. Raketi nzuri inashinda, halafu raketi ile ile nzuri inashindwa na ile ambayo yenyewe ilikuwa inaishinda. Nilifikiri hadi mambo ya kulogwa, na mimi ni muntu wa kanisa.

Baada ya mchezo tulikaa kwenye benchi tukinywa chai ya thermos, yeye anaangalia kiwanja, mimi naangalia viatu vyangu. Akasema, kama anaongea na kiwanja:

"Ile yako ya aluminium ilikuwa inasemaka. Hizi ingine ziko bubu tu."

Nikacheka kwa heshima. Nikaona ni maneno ya mzee aliyeshindwa.

Wiki hiyo niko Mokambo, gari za mizigo zimepanga mstari, tunasubiri karatasi. Dereva mmoja anazunguka lori lake na kipande cha chuma, anagonga matairi. Mumeshaona madereva wanavyofanya. Anagonga, anasikiliza, anakwenda linalofuata. Haangalii tairi hata kidogo, anaangalia huko barabarani anaongea na mwenzake. Akafika tairi moja akasimama. Akasema hii imeisha upepo.

Nilikuwa na mkate mdomoni. Nikasahau kutafuna.

Ilikuwa inasemaka.

Mzee alikuwa hanioni. Alikuwa ananisikia. Tiiing kubwa, mpira unakuja kwa nguvu, anarudi nyuma. Tiiing ndogo, anatembea mbele. Nilipoleta raketi inayomeza mtetemo, ilimeza na ile sauti. Niliporudi kwenye sufuria, masikio yake yakarudi kazini. Nilipokuja na nyundo yake mwenyewe, hakuwahi kuisikia kutoka upande wa pili wa neti, ni ngeni kwake kama carbon.

Halafu mengine yote yakaja kwa mstari. Siku tukifungua mipira mipya ya njano anacheza vizuri zaidi, ikishaiva udongo anakosea. Mpira ukianguka karibu na mstari ananiambia, amua wewe mwana, na mimi nilikuwa najivuna kwamba mukwe ananiamini. Pale mlangoni club hamsalimii muntu mpaka muntu aongee kwanza. Na ile raketi iliyopita pembeni ya yangu kwenye neti. Wakuu, hakuwa na hasira. Hakuiona.

Nikaogopa. Lakini bado nilikuwa naogopa mambo ya tenisi. Ilipita kama dakika nzima ndiyo nikakumbuka gari.

Sijui nilivyorudi mjini. Watoto walikuwa wameshatoka shule, wanacheza uani, wazima. Nikamwita binti yangu mkubwa, Merveille, nikajifanya namuuliza tu habari za njiani, kambo anaendeshaje siku hizi, kambo maana yake babu kwetu. Akafurahi kunieleza. Akasema wana mchezo.

"Kambo anatuulizaka taa iko rangi gani. Mwenye kusema wa kwanza njo anapata bonbon."

Anajivuna, maana pipi hiyo anaichukua yeye, anamshinda mdogo wake kila siku.

Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi.

Sasa semeni wenyewe, mimi ni mukwe. Sina ruhusa ya kumuuliza huyo muntu habari za macho yake. Nikimwambia Clarisse, namvua baba yake nguo mbele ya binti yake. Anachukuliwa gari, pengine na tenisi, anaingia kwenye kile kiti. Nisipomwambia, kesho asubuhi watoto wangu wanapanda mule wakashindanie bonbon.

Hilo halikuhitaji mizani, watoto kwanza, najua. Lakini nilikuwa nahisi nauza muntu.

Nikamwambia Clarisse. Nikamweleza yote, raketi, lori, taa. Nikadhani atanigombeza. Akaniuliza nimejua tangu lini, nikamjibu tangu leo. Akavaa kitambaa cha kichwa akaenda kwa baba yake, ni mtaa wa pili tu.

Alirudi na funguo za gari mkononi na macho mekundu. Alisema hakumaliza hata sentensi. Mzee alisimama, akapapasa juu ya kabati, akazileta funguo mwenyewe. Akasema alikuwa anasubiri muntu aje kuziomba, yeye mwenyewe alishindwa kuzitoa. Akaomba kitu kimoja tu, wasimkataze samedi.

Alishapelekwa kwa daktari. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na yanaweza kupasuliwa. La kwanza litafanyiwa kazi kabla mvua hazijaanza. Lakini daktari alipomuuliza ameanza lini kuona ukungu, mzee alijibu ni zamani kidogo. Clarisse alimbana, zamani gani? Akasema hakumbuki vizuri, labda Merveille alikuwa hajaanza shule.

Hapo nikachanganyikiwa upya. Maana yake miaka yote ile nilikuwa nachapwa na muntu anayeona moshi. Sijui kama nimewahi kushindwa na macho yake hata mara moja. Na zile samedi nilizoshinda na carbon, nilimshinda nani?

Samedi iliyopita nilikwenda kumchukua na gari yake mwenyewe. Mara ya kwanza kumwona amekaa kiti cha kushoto. Tunapanda kuelekea centre-ville, katikati ya mji, akasikiliza injini akasema "troisième", yaani gia ya tatu, nikabadilisha. Alikuwa sahihi.

Nyumbani niliacha ile nyundo aliyonipa. Najua ni aibu kuacha zawadi ya mukwe. Nilibeba sufuria yangu.

Nikapiga mpira wa kwanza. Tiiing. Mzee akainua kichwa. Hakuuliza zawadi yake iko wapi. Alishika ile carbon vizuri, akasogea hatua moja kulia, akaurudisha mpira kwenye kona ambayo sijawahi kuifikia maishani mwangu.

Akanishinda. Sikumwachia, niwaambie ukweli, nilitaka kushinda kabisa, nilikimbia mpaka kifua kikawaka.

Fabien alikuwa pale. Akasema sasa ameelewa, carbon inataka muntu aizoee kwanza, mumeona mzee alivyoizoea. Ameshaagiza ya kwake, na wengine wawili wa club wameagiza pamoja naye. Nimenyamaza. Siri ya mukwe si yangu kuitangaza pale. Humu hamtujui.

Tulipofika kwenye neti nilinyoosha raketi. Ya kwake ikaanza kuelekea pembeni. Nikagonga fremu yangu kwa ukucha, kidogo tu, tiing. Ya kwake ikasimama hewani, ikageuka, ikaja kugusa ya kwangu katikati.

"Aksanti, mwana," akasema.

Nilichojifunza? Nilikuja na swali la raketi na sina jibu. Carbon iliongeza mchezo wangu kwa kumzima mwenzangu masikio, sijui kama hiyo inaitwa kuongeza. Ila bila carbon ile, watoto wangu wangekuwa bado wanamsomea babu yao taa barabarani, na mimi niko mpakani najua wako mikono salama. Kwa hiyo siwezi hata kuilaumu.

Wenye uzoefu wa hizi raketi, wenye wazee waliopasuliwa macho, na wanaojua mambo ya wakwe, naomba munisaidie kwa hili. Mvua zikija mzee ataona. Ataiona sufuria yangu, ataona na kwamba nyundo yake imelala nyuma ya mlango. Siku hiyo niende uwanjani na ipi?